Hilux 3L, manifodi ya 2L-T na tabo ya Pajero: nikate flanji nichomelee au nitengeneze pleti?

Viazi_Mbeya:
Wakuu heshima kwenu. Nina Hilux yenye injini ya dizeli ya 3L, haina tabo (ile feni inayozungushwa na moshi wa egzosi ili kusindilia hewa kwenye injini) toka kiwandani, kazi yake ni kubeba viazi Isongole kuleta Mbeya mjini na kurudi na mbolea, sasa ule mlima wa kurudi kuanzia Igawilo gari ikiwa na mzigo ni gia namba mbili mwanzo mwisho na moshi mweusi nyuma, huku kwetu juu hewa nyepesi na injini yenyewe inavuta kwa shida.

Nimepata manifodi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini) ya mtumba, ya injini ya 2L-T ambayo ina tabo, imekaa kwenye hedi ya 3L vizuri kabisa matundu yote yameingia. Tabo iliyokuja nayo ile CT20 imekufa, shafti inacheza mpaka feni imekwangua nyumba yake. Nikapata nyingine TD04 ya Pajero yenye injini ya 4D56, hiyo shafti haichezi. Tatizo flanji, zile nyuso za kufungia bolti kati ya manifodi na tabo, haziendani. Nimechora zote mbili kwenye boksi, tundu mbili za bolti zinaangukia karibu kabisa na tundu la moshi. Fundi mmoja anasema tukate flanji ya manifodi kwa grenda tuchomelee ya TD04, siku moja kazi imeisha. Mwingine anasema tuweke pleti ya kati, kipande cha chuma cha kuunganisha flanji mbili. Nimfuate nani? Manifodi ninayo hii moja tu.

Mkerezaji_Gerezani:
Mkuu usikate. Kwa sababu hiyo hiyo uliyoisema mwisho, unayo moja.

Manifodi ni kasti, chuma cha kumimina, kina kaboni nyingi. Ukikichomelea kikiwa cha baridi kwa rodi za kawaida, pale pembeni ya mshono panakuwa pagumu kama kioo, halafu kikipoa kinajivuta chenyewe kinapasuka. Mwaka wa kwanza nafanya kazi hii niliunga manifodi ya mteja, mshono ukatoka mzuri ajabu, nikaiweka juu ya meza nikaenda kunawa. Nikasikia "ti", sauti ndogo kama ya glasi iliyomwagiwa chai ya moto. Kurudi naona mstari mwembamba kama unywele umepita sentimita moja kutoka kwenye mshono, yaani mshono wenyewe uko mzima ila kasti ndiyo imeachia.

Tengeneza pleti. Chuma cha kawaida, unene milimita 16 mpaka 20, usiweke stenlesi hata ukipewa bure, maana stenlesi ikipata moto inatanuka karibu mara moja na nusu ya kasti, kila ukiwasha na kuzima bolti zinavutwa, baada ya muda zinalegea au stadi inakatika. Chuma cha kawaida kinatanuka karibu sawa na kasti. Upande wa manifodi unaifunga kwa bolti za alenki ambazo kichwa chake kinazama ndani ya pleti, upande wa tabo unatoboa na kukata nyuzi za bolti unaweka stadi (bolti zisizo na kichwa). Kama tundu zinagongana kama unavyosema, izungushe ile michoro miwili, digrii 15 au 20 hivi, mpaka zikwepane na pabaki nyama ya kutosha kati ya stadi na tundu la moshi. Tundu la katikati usilitoboe likawa bomba moja limenyooka, lianze na saizi ya manifodi liishie na saizi ya tabo, limepigwa faili taratibu, moshi ukikuta ngazi mle ndani unapoteza nguvu kabla haujafika kwenye feni.

Baba_Chuma:
Naheshimu aliyetangulia ila kasti inachomeleka, nimefanya na zinatembea. Sharti uipashe manifodi nzima, siyo pale unapounga tu, sisi tunaiweka kwenye moto wa mkaa mpaka inaanza kuiva, rodi ziwe za nikeli, unachomelea kidogo kidogo na kila ukiacha unagongagonga mshono kwa nyundo ndogo ungali wa moto, halafu unaifukia kwenye majivu mpaka kesho yake. Isipoe kwa upepo. Na baada ya hapo lazima uso wote wa upande wa hedi uskimiwe, yaani usawazishwe kwa mashine, maana itakuwa imepinda tu. Kwa hiyo huyo anayekwambia siku moja kazi imeisha hajakwambia kazi yenyewe. Kama kwenu hakuna rodi za nikeli basi pleti.

Tabo_Diseli:
Wote mmeongelea flanji na mko sawa, ila mimi tabo nyingi nilizofungua zimekufa kwa oili. Mkuu ukishaizungusha pleti ujue na tabo imezunguka. Njia ya oili kurudi lazima iangalie chini, ikilala zaidi ya nyuzi 20 hivi oili haishuki, inajaa pale katikati inavujia kwenye egzosi, unaona moshi wa bluu unadhani sili zimeisha kumbe tabo ni nzima. TD04 upande wa feni ya hewa imeshikwa na seklipu kubwa (ringi ya kubana), upande wa moshi kuna klampu, legeza zote mbili uzungushe ile sehemu ya katikati mpaka iangalie chini ndiyo ukaze. Zingine zina kipini kidogo cha kuzuia, kitoe. Mkono wa ekchueta (kile kifaa kinachodhibiti presha ya tabo) nao utahama, uutengenezee bati jipya.

Oili ya kwenda, chukua pale kwenye swichi ya presha ya oili, weka kiungio cha T. Ya kurudi, hosi ya milimita 16 au zaidi, iingie kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili, isiwe na kona ya kupanda hata kidogo. Na kama tabo yako ina njia za maji usizizibe, ziunge. Halafu weka mkono wa chuma kutoka kwenye bloku ushike tabo, uzito wote usining'inie kwenye pleti, barabara zetu mnazijua.

Mama_Rungwe:
Kaka na joto la moshi je? 3L ina kompresheni kubwa, 22 kwa 1 hivi, haikutengenezwa kwa tabo. Mume wangu alifunga kwenye 3L yetu akaongeza dizeli kwenye pampu ili iwe tamu, hedi ikapasuka mwezi wa pili. Nakuomba weka geji ya joto la moshi kabla ya tabo, ikifika sentigredi 700 punguza mguu. Presha ya hewa isizidi psi 7. Na rejeta izibuliwe kwanza.

Viazi_Mbeya:
Wakuu nimerudi, wiki tano zimepita. Nilienda na pleti, milimita 18. Mara ya kwanza ikavuja, usiku niliona cheche ndogo upande mmoja na masizi yamechora kama mkia, kumbe manifodi yenyewe ilikuwa imepinda, fila geji (kibati cha kupimia mwanya) ya milimita 0.3 iliingia. Ikaskimiwa, ikatulia. Michoro tuliizungusha nyuzi 18, katikati tukairudisha, oili inashuka wima. Pampu sijaigusa kabisa.

Jana nimepanda na mifuko 20 ya mbolea kutoka Igawilo, gia namba tatu mpaka juu, geji imefika 640 pale kwenye kona kali. Moshi mweusi umepungua sana. Mama Rungwe, psi nimeiacha 6.