Utando wa figo nanomita 210, mtoto wa miaka 4: ni mwembamba kweli?

MaabaraMalindi
Assalam aleikum wanajukwaa. Ripoti ya hadubini ya elektroni imefika Malindi: mtoto wa kiume wa miaka 4, mkojo una damu isiyoonekana kwa macho, protini hakuna. Utando wa msingi wa glomeruli (vichujio vidogo vya damu ndani ya figo) una wastani wa nanomita 210, na imeandikwa "mwembamba" kwa kuwa haufiki 250. Tishu ilitolewa kwenye parafini (nta ya maabara). Tuipokee hivyo?

FundiHadubini
Waaleikum salaam ndugu yangu. Msiipokee. Hiyo 250 ni ya watu wazima, ambao utando wao huwa 300 na ushei, wa wanaume ukiuzidi wa wanawake. Mtoto huzaliwa na nanomita 150 hivi. Utando hunenepa upesi miaka 2 ya mwanzo, kisha polepole hadi miaka 11 hivi. Kwa umri wa miaka 2 hadi 11 wengi hutumia mpaka wa 180.

Halafu hiyo parafini. Tishu iliyopita kwenye nta kisha ikahamishiwa kwenye resini (plastiki ngumu ya kukatia vipande vya hadubini ya elektroni) huonyesha utando mwembamba kuliko ulivyo, kwa hiyo usipimie unene hapo. Kata vipande vya milimita 1 mara tu biopsi, yaani kipande cha figo kinachotolewa kwa sindano, inapotoka, utie kwenye glutaraldehidi (dawa ya kuhifadhi tishu) 2.5% yenye bafa, pH 7.4. Ikitoka Lamu, ivuke hadi Mokowe, bara, kwenye boksi la baridi, ila chupa isigusane na barafu: tishu ikiganda, fuwele huipasua na haisomeki tena.

Wakati wa kupima, chagua mahali ambapo kingo zote mbili zimekaa wazi, ya endotheli (seli za upande wa damu) na ya podositi (seli za upande wa mkojo). Mkato wa mshazari hunenepesha utando kwa uongo.

BintiShela
Nakubaliana na Fundi, lakini msimwachilie mtoto huyu kwa sababu ya namba tu. Ugonjwa wa Alport, wa kurithi, unaoharibu figo na masikio, utotoni unaweza kuonyesha wembamba peke yake, au hata utando wa kawaida.

Figo inapoundwa, podositi na endotheli kila moja hutoa utando wake, kisha tando hizo mbili huungana. Kolajeni ya aina ya IV, protini inayojenga utando huo kwa nyuzi tatutatu zinazoitwa α, ya mwanzo ni α1α1α2; glomeruli ikikomaa hupokewa na α3α4α5, iliyofungamana kwa nguvu zaidi. Kwenye Alport makabidhiano hayo hayakamiliki. Utando hubaki na kolajeni ya kitoto, na kadiri miaka inavyopita hunenepa hapa, hukonda pale, na kuchanika matabaka kama ukili uliofumuka. Kisukari sivyo: huko unanenepa sawasawa bila kuchanika, na huhesabiwa mnene ukizidi 395 kwa mwanamke na 430 kwa mwanamume.

Ombeni rangi ya kingamwili ya kuonyesha α3 na α5 kwenye tishu. Biopsi ya ngozi nayo husaidia: α5 ikikosekana kwa mvulana, ni Alport ya kromosomu X. Ikiwapo, bado haijaondoa shaka. Pimeni pia mkojo wa mama, na masikio ya mtoto.

MaabaraMalindi
Ahsante dada. Kichocho hakijapimwa.

FundiHadubini
Hicho kilitakiwa kutangulia sindano, hasa pwani hii. Chukueni mkojo kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi, mchuje mililita 10. Kisha tazameni seli nyekundu: zilizopindapinda, pamoja na kasti za damu (vigandamizo vya umbo la mirija ya figo), zinatoka glomeruli. Zikiwa duara safi, tafuteni kibofuni kwanza.