Madalali wa nyumba za wageni Lamu, nani anawaandikia haya maelezo?

Wanajukwaa, salaam aleikum. Kazi yangu ni kushika funguo za nyumba za wageni hapa Lamu. Sijaandika tangazo hata moja, lakini matusi ya wageni nayala mimi.

Juzi kashuka mgeni na mamake, mtu mzima, anatembelea bakora. Tangazo limesema "hatua chache kutoka ufuoni, maegesho yapo". Maegesho ya nini, ya punda? Nyumba iko ndani kabisa mtaa wa Langoni, kwenye vichochoro ambavyo punda wawili hupishana kwa taabu. Ufuo wa kuogelea uko Shela, kama kilomita 3 kutoka mjini. "Dakika tano kutoka uwanja wa ndege": uwanja uko kisiwa cha Manda, lazima uvuke kwa boti! Yule mama ilibidi abebwe hadi chumbani juu, maana tangazo zima halina neno kuhusu ngazi.

Lakini kinachonichoma roho ni hili la "nyumba ya kale ya Kiswahili". Jamani, nyumba ya kale ina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari ni boriti za mikoko, na boriti ikiishia pale, chumba nacho kinaishia pale. Ndiyo maana misana, vile vyumba vya nyumba za wazee wetu, ni mirefu na myembamba. Nyinyi mnaandika "ya kale" halafu kwenye picha sebule ni pana kama ukumbi wa harusi! Zidaka zenyewe, vile vishubaka vya ukutani, ni za saruji, hata rangi haijakauka vizuri. Nyumba kuwa mpya si aibu. Ina upepo, ina tangi kubwa la maji, basi andikeni hayo, wapo wanaoyataka.

Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Kuna wageni wanafunga safari kwa ajili ya kuta hizo tu, na wengine wanazijua kuliko dalali.

Nimemwambia mkubwa wangu arekebishe, kanijibu eti mgeni akishafika atakwenda wapi. Sawa. Kuanzia sasa anayenipigia kabla hajalipa namwambia kila kitu, ngazi, choo kilipo, na adhana ya alfajiri inayosikika hadi kitandani. Akinifukuza anifukuze.

Nani mwingine hapa anashika funguo za nyumba yenye tangazo la uongo? Libandikeni hapa chini tulisome.