Mtindi wa vikopo: tunalipia maziwa, tunauziwa wanga, na lebo imenyamaza

Ndugu wanajamvi, salaam. Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mtindi mzito wa vikopo unaojaa kwenye majokofu ya maduka yetu, ule unaosimama wima kijikoni na kusifiwa kuwa ni wa maziwa matupu, baadhi yake umepewa uzito huo na wanga, na wanaoutengeneza hawataki tujue.

Mimi napika kwa biashara. Mtindi nalowekea nyama na kumalizia mchuzi wa kuku, kwa hiyo tabia zake nazifahamu. Mtindi wa maziwa peke yake ukitiwa kwenye mchuzi unaotokota hukatika, ukatoa punjepunje nyeupe na maji pembeni, ndiyo maana wapishi huutuliza kwanza kwa kijiko cha konfulawa, kwa kuwa wanga huzuia protini za maziwa zisigandamane. Hiki kikopo ninacholalamikia nilikimimina kwenye sufuria iliyokuwa ikichemka kwa fujo, na hakikukatika hata punje moja; mchuzi ulizidi kuwa mzito na kung'aa. Nikachukua kijiko cha mtindi uliobaki, nikauchemsha na maji kidogo, nikauacha upoe kabisa, kisha nikaudondoshea iodini ya kusafishia vidonda. Ukageuka bluu iliyokoza, karibu na weusi. Mtindi niliougandisha mwenyewe nyumbani, nilioupima vivyo hivyo kwenye kisahani cha pembeni, ulibaki na rangi ya iodini tu.

Iodini hugeuka bluu hivyo ikikutana na wanga, na maziwa hayana wanga. Na kwenye kikopo hicho kumeandikwa viambato viwili: maziwa ya ng'ombe na bakteria wa kuchachusha.

Muuzaji nilipomweleza alinijibu, «Mama, wateja wanaupenda mzito.» Nilipopiga namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, dada aliyepokea aliniambia kwamba uzito ule unatokana na teknolojia ya kisasa. Teknolojia gani hiyo inayogeuka bluu kwenye iodini?

Uzito wa halali unajulikana unakotoka. Maziwa hupashwa moto hadi nyuzi 85 hivi na kushikiliwa hapo kwa takriban dakika 30, ili protini zilizomo kwenye maji ya maziwa zibadilike na kujishikiza kwenye kasini, ile protini kuu ya maziwa. Kisha hupozwa hadi nyuzi 43 au karibu na hapo, yakatiwa bakteria na kuachwa yagande. Anayetaka mtindi mzito zaidi huuchuja au huongeza maziwa ya unga. Njia zote hizo zinakula maziwa, moto na muda, yaani zinakula fedha. Wanga ni njia ya mkato: chembe zake zikipata joto hunyonya maji na kuvimba, kwa hiyo hata maziwa yaliyoongezwa maji yanaweza kutoka mazito na ya kupendeza, huku protini uliyoifuata kwa ajili ya mtoto au mgonjwa ikiwa imepungua. Tunauziwa uji kwa bei ya maziwa.

Naomba nisieleweke vibaya, maana najua atatokea mtu wa kuniambia kwamba nachukia viwanda. Vitu vya kuongeza uzito vimo kila mahali, na vingi havina neno: pektini kwenye jamu, gundi ya zanthani kwenye sosi na hata kwenye dawa ya meno, karajinani inayotolewa kwenye mwani kama ule unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani kule Zanzibar. Nakubali pia kwamba mtindi wenye matunda, unaosafirishwa mbali kwenye joto letu, huhitaji kitu cha kuuzuia usitoe maji juu. Lakini aandike! Kanuni za Codex, yaani viwango vya kimataifa vya vyakula, kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa zinataka viambato vitajwe, kuanzia kile chenye uzito mkubwa hadi kidogo. Wanga ukitajwa, nitaamua mwenyewe kama nanunua au naacha.

Linaloniudhi kuliko yote ni gelatini. Hii haionekani kwa iodini, ila mtindi uliotiwa gelatini nyingi hulegea ukiachwa mezani mchana wa joto, na ukirudishwa kwenye jokofu hukaza tena, jambo ambalo mtindi wa kawaida uliokwisha kukorogwa haulifanyi. Gelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, wakiwemo ng'ombe na nguruwe. Mimi ni Mwislamu, na wateja wangu wengi ni Waislamu. Nikikuta kopo limeandikwa «kiongeza uzito» basi, bila kusema ni kipi wala kimetoka kwa mnyama gani, niwaambie nini wanaponiuliza?

Kwa hiyo nauliza hadharani, na najua humu wamo wanaofanya kazi kwenye viwanda vya maziwa na wengine kwenye ukaguzi wa vyakula. Je, mtindi unaoitwa wa maziwa matupu unapimwa wanga baada ya kufika dukani, au sampuli inayopimwa ni ile tu ambayo mwenye kiwanda aliipeleka mwenyewe alipokuwa anaomba kibali? Na anayekutwa na wanga ambao hakuuandika, anafanywa nini? Mwenye jibu kamili aliweke hapa. Wale wa «usinunue, ganda wa kwako» wapite tu, wa kwangu nimeshaugandisha.