Amesikilizia gitaa langu kwenye spika ya simu, kidole gumba juu ya tundu, halafu anauliza "besi iko wapi?"

Wakuu, nimetoka kudharauliwa sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa maiki. Huu ni wa heshima.

Mnamjua. Simtaji. Yule yule anayekohoa kwanza kabla ya kutoa hukumu.

Mimi nimerekodi gitaa kavu chumbani kwa kompyuta na maiki moja ya USB, basi. Feni nimezima. Friji nimechomoa. Walio nyumbani nimewakataza kuvuta maji chooni, na mbu nao nimewaomba wasubiri zamu yao. Nyuzi nimebadilisha. Maiki nimeiweka kwenye freti ya 12, sentimita 25 hivi kutoka kwenye gitaa, ikitazama pale shingo inapoungana na boksi, si kwenye tundu, kwa sababu tundu linavuma. Vilele vya sauti vinacheza kwenye desibeli -12, hakuna hata kimoja kilichopasuka. Nikamtumia WAV ya biti 24, si mp3 ya kuokoteza.

Sasa sikieni. Mbele ya watu, anafungua faili kwenye simu. Hedifoni hana. Simu ameishika kwa ubavu, kidole gumba kimekaa juu ya tundu la spika, kimeliziba lote. Korasi haijafika anazima. Anakohoa. "Besi iko wapi?"

Besi iko wapi! Iko chini ya kidole chako!

Uzi mnene wa gitaa, E ya chini, ni 82 Hz. Hakuna spika ya simu inayofika huko hata ukiishika kwa adabu. Yeye kaiziba kabisa halafu anatafuta besi! Na watu wakacheka. Kuna mmoja akatikisa kichwa kunionea huruma. Mimi nimesimama pale nakitazama kile kidole. Kilikuwa hata hakijasogea.

Nimemaliza. Semeni nyie.

—

Capo_ya_Kwanza: Nimemjua kabla sijamaliza kichwa cha uzi. Mimi aliniambia gitaa langu "limepauka" huku anatafuta chaja. Pole mkuu.

Mchunaji: Na kile kikohozi! Akikohoa tu ujue wimbo umekufa.

Kimya_Kingi: Pole mkuu, punguza jazba. Weka faili hapa tusikie wenyewe. Uzi mrefu, gitaa hatulisikii.

Mleta uzi: Siweki. Nitajuaje kidole chako kiko wapi?

Fundi_Mablanketi: Freti ya 12 sawa, ila chumba je? Chumba kitupu kinarudisha mwangwi na gitaa linasikika liko mbali. Tundika blanketi zito nyuma yako na lingine nyuma ya maiki.

Mleta uzi: Nimetundika mpaka mlango hauonekani. Tatizo si chumba! Aliiziba spika! Kwa kidole kizima!

Volti48: Samahani, ila maiki ya USB? Hapo jamaa ana haki. Tafuta intafesi, kile kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta, na maiki ya kondensa, washa volti 48 za kuilisha umeme, urekodi kama watu wengine.

Capo_ya_Kwanza: Nyie wa "tafuta intafesi" ndio mnaowakatisha watu tamaa. Mtu analia kwa dharau, wewe unampa orodha ya vifaa! USB iliyokaa mahali pake inaishinda kondensa yako uliyoichomeka mbele ya tundu, inavuma kwenye 100 Hz mpaka vioo vya dirisha vinaomba radhi.

Volti48: Nani kasema naiweka mbele ya tundu? Haya, siku ukitaka stirio utafanyaje? Maiki mbili za USB kila moja ina saa yake ndani. Wimbo ukirefuka zinaachana, huku gitaa limeshafika, kule bado liko njiani.

Capo_ya_Kwanza: Nani kaomba stirio?

Kimya_Kingi: Mimi adui yangu ni Windows. Napiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, naiacha ilie, katikati sauti inazama. Kumbe kompyuta inadhani mlio wa gitaa ni kelele, inaufuta! Ile mipangilio ya kusafisha sauti imetengenezwa kwa watu wanaoongea, gitaa haiitambui. Nimelaumu nyuzi, nimelaumu maiki, kumbe ni kitufe.

Mchunaji: Umekizimia wapi hicho kitufe?

Kimya_Kingi: Mipangilio ya sauti, upande wa maiki, pale pa maboresho. Zima kila kitu.

Mleta uzi: Jamani. Kidole gumba.

Freti_Iliyolika: Bora yenu. Mimi nikivaa hedifoni napiga leo nasikia kesho. Mkono uko korasi, sikio bado liko intro.

Fundi_Mablanketi: Bafa umeweka ngapi, yaani sampuli kompyuta inazokusanya kabla ya kuzishughulikia?

Freti_Iliyolika: 1024.

Fundi_Mablanketi: Ndiyo hiyo. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, 1024 ni milisekunde 23, na hapo sauti bado haijarudi masikioni. Wakati wa kurekodi shusha mpaka 128, ukifika kwenye kuchanganya ipandishe tena. Na tumia draiva ya ASIO, ile ya Windows inayopunguza kuchelewa kwa sauti.

Freti_Iliyolika: Nikishusha inatoa ta-ta-ta.

Fundi_Mablanketi: Funga kivinjari.

Freti_Iliyolika: Nina kazi zangu humo.

Fundi_Mablanketi: Basi endelea kusikia kesho.

Volti48: Au jisikilize moja kwa moja kutoka kwenye kifaa bila kupitia programu. Intafesi karibu zote zina hiyo. Nilisema mkanitukana.

Capo_ya_Kwanza: Maiki nyingi za USB nazo zina tundu la hedifoni kwa kazi hiyo hiyo. Pumzika.

Mchunaji: Mimi kinachoniua ni kiti. Maiki haisikii gitaa vizuri ila kiti inakisikia! Kila nikihema kinalia. Nimepata pigo safi kabisa, mwishoni kodi inafifia taratibu, kiti kikasema kwiii.

Kimya_Kingi: Kitoe kwa ile programu ya kuondoa kelele.

Fundi_Mablanketi: Usithubutu. Ile unaipa mfano wa kelele isiyobadilika, mvumo wa feni kwa mfano. Kiti kinalia kila mara kivyake. Utakula mkia wote wa kodi na kiti kitabaki. Rudia sehemu hiyo tu, uiunge.

Freti_Iliyolika: Kaa kwenye kiti cha mbao, kisicho na magurudumu wala mikono. Mkono wa kiti nao unagonga gitaa.

Mchunaji: Sina. Nimehamia kitandani.

Freti_Iliyolika: Enhe?

Mchunaji: Kitanda kinalia zaidi ya kiti.

Volti48: Rekodi umesimama, weka mkanda.

Mchunaji: Nikisimama nayumba, gitaa linasogea mbele ya maiki, sauti inapanda inashuka. Nani humu anarekodi amesimama na haisogei? Nipeni mbinu, nina wimbo wa kumaliza usiku huu.