Ukishika nyeusi na sare huitaki: Benoni au Sisilia?

Kete64: Wakuu, Jumamosi tuna mashindano ya chesi (sataranji) ya klabu na nimechoka kuambulia sare kila nikishika nyeusi. Nimepitia michezo miwili ya kugombea ubingwa wa dunia: Spassky na Fischer, mchezo wa 3, Reykjavik 1972 (ufunguzi wa Benoni), na Karpov na Kasparov, mchezo wa 16, Moscow 1985 (ufunguzi wa Sisilia). Fischer na Kasparov ndio walioshika nyeusi. Yote nyeusi ilishinda. Nishike upi?

MzeeNgome: Kijana, huchagui wewe. Nyeupe akianza kwa askari kwenda mraba wa d4 ndipo Benoni inakuja, akianza e4 ndiyo Sisilia. Jiandae kwa yote.

Kete64: Shikamoo mzee. Mpinzani wangu hucheza zote mbili, ndiyo shida yenyewe.

Mla_Askari: Mimi Benoni tu. Fischer yuko nyuma 0–2, mchezo wa pili hata hakutokea. Hatua ya 11 anampeleka farasi h5, pembeni kabisa, aliwe na askofu wa Spassky, askari wa mbele ya mfalme wake wabaki wamepandana, wawili mstari mmoja! Ningefanya hivyo klabuni ningechekwa mwezi mzima. Lakini Spassky kala, askofu wake wa miraba myeupe kaondoka, na hatua tatu baadaye malkia mweusi yuko h4. Kabla ya hapo Fischer hakuwa amewahi kumfunga Spassky hata mara moja.

BintiTanga: Niliinakili hiyo nikachapwa vibaya. Nyeupe alisukuma f4 mapema, kisha askofu b5, shaha (mfalme wangu kashambuliwa), nikakwama. Tofauti ni kwamba Spassky alikuwa ameshatoa farasi f3, na farasi akikaa pale askari wa f hapiti. Kwa hiyo cheza e6 kwanza. C5 isubiri farasi wa nyeupe atoke.

MzeeNgome: Binti kasema kweli. Kwa Kasparov nako kuna mtego. Farasi wake alikaa d3 tangu hatua ya 16, farasi wa Karpov wakabaki a4 na b1 kama waliofungwa kamba. Hatua ya 34 Karpov akamla farasi wa d3 kwa malkia, malkia wake naye akaliwa. Tamu! Ila ile d5 ya Kasparov ya hatua ya 8 usiiguse: mwaka 1986 Karpov alimchezea mchezaji van der Wiel askofu e3, dawa ikajulikana. Tazama mchezo wa 24 wa 1985, Scheveningen (aina nyingine ya Sisilia), uliompa Kasparov ubingwa.

Kete64: Nimeelewa. Na akianza c4?

Mla_Askari: Hapo mkuu, kanywe chai kwanza 😂