Hizi app za nyumba za kupanga zinatuchukuliaje watu wa Lindi? Mikumbi inageuzwa Mikumi!

Habari za jioni wakuu, leo nina hasira kwelikweli na nasemea hapahapa, labda wahusika watapita wasome.

Mama ana nyumba anapangisha Mikumbi, hapa Lindi mjini, chumba na sebule, choo ndani, luku ya kwake mwenyewe. Nikaitangaza kwenye app moja inayojinadi kuwa ya nchi nzima. Mkoa nimechagua Lindi, mtaa nimeandika Mikumbi kwa mkono wangu, tangazo linatoka limeandikwa Mikumi! Halijauliza, halijasema "jina hili silifahamu", limejirekebishia tu. Sasa simu zinazoingia ni za watu wa Morogoro, wanauliza nyumba iko upande gani wa barabara ya Iringa, na jamaa mmoja kanifokea kabisa kwamba mi tapeli nachukua picha za nyumba za watu. Mama wa watu kila jioni ananiuliza vipi wapangaji wanakuja lini, namjibu nini?

Na anayetafuta nyumba ndo anateseka zaidi. Andika Mnazi Mmoja, inakupeleka Mnazi Mmoja ya Dar. Mwenge, Dar. Wailes, inakutupa Temeke, wakati Wailes ipo hapahapa Lindi na watu wamezaliwa wamezeekea hapo. Nachingwea ni kata ya hapa mjini, yenyewe inakuletea wilaya ya Nachingwea, huko bara kabisa. Ng'apa ndo usiseme, ile alama ya juu simu moja inaiweka imenyooka nyingine imepinda, mwingine haweki kabisa, basi ukikosea hicho kialama tu unaambiwa hakuna nyumba Ng'apa!

Kinachoniudhi kuliko vyote ni hiki, ikishindwa kulitambua jina inalitupa kimyakimya halafu inakumwagia nyumba za Masaki na Mbezi kana kwamba ndo ulichoomba. Mtumishi kapangiwa kazi Lindi, mgeni, hajui mji, anaangalia bei za Masaki anadhani ndo za huku. Mwisho anarudi kwa dalali anamlipa kodi ya mwezi mzima, hela ambayo app ilisema itamwokolea.

Na msiniambie majina hayapo. Ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022, kabla ya sensa, vibao vimewekwa mitaani, nyumba zimepewa namba, postikodi zipo mpaka ngazi ya kata. Kata zote zinajulikana! Chukueni orodha muiingize. Mtu akishachagua mkoa wa Lindi kisieni ndani ya Lindi, msivuke mpaka. Jina likiwagomea semeni wazi mmeshindwa, muulize "ulimaanisha hili?" na muweke sehemu ya mwenye nyumba kuandika jina linalotumiwa na watu wa pale, likaguliwe liongezwe. Mi sioni ugumu wowote hapo, ni dharau tu, kwao ramani inaishia Mbagala.

Nimewaandikia, wakanijibu "tafadhali chagua eneo sahihi". Eneo sahihi lipi zaidi ya mtaa niliozaliwa?

Nyie wa Mtwara mnafanyaje? Maana Magomeni mnayo, Tandika mnayo, Shangani mnayo, naamini mnapelekwa Dar na Zanzibar kila siku. Kama kuna app inayotutambua huku kusini itajeni, natoa tangazo kule leo leo.