Siku 11 bila intaneti kwa sababu ya neno moja ambalo hakuna aliyetaka kunieleza

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimekaa siku 11 nyumbani bila intaneti ya kueleweka. Nimepiga simu huduma kwa wateja mara 6, na kila nikipiga natupiwa neno jipya. Mara "DNS haijibu", mara "cheki DHCP", mara "waifai yako ina shida". Nikiuliza DNS ni kitu gani, narudishiwa neno lilelile kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba tatizo ni masikio yangu.

Fundi akaja, akabadilisha ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti ndani ya nyumba, akaondoka. Kesho yake hali ileile.

Ikabidi nikae nisome mwenyewe. Kumbe kompyuta hazitafutani kwa majina ya tovuti, zinatafutana kwa namba, ile anwani ya IP. DNS ndiyo inayopokea jina uliloandika na kukurudishia namba yake, kama unavyotafuta jina la mtu kwenye simu ili upate namba ya kumpigia. Seva ya DNS, yaani kompyuta inayofanya kazi hiyo, ya kampuni inayoniuzia intaneti ndiyo iliyokuwa inasuasua. Intaneti yenyewe ilikuwa inafika ndani siku zote hizo! Nilipopima kwa ping, yaani kutuma ujumbe mfupi na kusubiri ujibiwe, kwenda 8.8.8.8, namba ya seva ya DNS ya Google, majibu yalirudi bila kukatika, nikiandika jina la tovuti, kimya. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta kupitia 192.168.1.1, anwani ya ruta yenyewe, nikabadilisha DNS nikaweka hiyohiyo 8.8.8.8. Dakika 2 tu, kila kitu kikafunguka. Yule aliyenitamkia "DNS haijibu" alikuwa na jibu mdomoni tangu siku ya kwanza!

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Haya maneno si magumu, mtu yeyote anayetumia simu atayaelewa akielezwa kwa staha. DHCP ni huduma, mara nyingi iko ndani ya ruta, inayogawa anwani kwa kila kifaa kinachoingia. Ukiona kompyuta imejipa anwani inayoanza na 169.254, ujue imeomba anwani ikakosa, basi anza kukagua ruta na kebo zako kabla ya kupiga simu popote. Nani angeumia kusema hivyo?

Na waifai, jamani, siyo intaneti. Ni njia ya hewani kati ya kifaa chako na ruta, basi. Alama ikijaa kwenye simu maana yake unaishika ruta vizuri, haisemi lolote kuhusu kinachoingia kutoka nje. Ruta ikitoa majina mawili, la 5 GHz huwa na kasi zaidi ila kuta hulipunguza nguvu upesi, la 2.4 GHz hufika mbali zaidi.

Halafu hizi Mbps, yaani megabiti kwa sekunde. Tunauziwa megabiti, lakini ukipakua faili kompyuta mara nyingi inaonyesha megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Kwa hiyo kifurushi cha 40 Mbps, hata kikifanya kazi bila dosari, hakivuki megabaiti 5 kwa sekunde. Watu wangapi wamelalamika kwamba wamepunjwa, wakajibiwa "spidi iko sawa", bila mtu kuwafafanulia hiyo b ndogo? Na spidi siyo ping. Ping ni muda wa ujumbe kwenda na kurudi, unahesabiwa kwa milisekunde. Mbps zinaweza kuwa nyingi na simu ya video bado ikagandaganda kwa sababu ping imepanda.

Ninachodai ni karatasi moja ndani ya boksi la ruta, kwa Kiswahili, yenye maneno haya. Na mhudumu kabla hajataja DNS aulize: inagoma kwenye kifaa kimoja au vyote? Umejaribu kwa kebo?

Zile siku 11 nimeshazilipia. Nimeandika barua nirudishiwe, nikaambatanisha picha za majibu ya ping. Kama kuna aliyewahi kurudishiwa zake, naomba anieleze alipitia wapi.